Utando na Utandu

Barua imetoka Masha, wilayani Isingiro. Mama mmoja anauliza: mbona pampu ya mkono ya kijijini kwao hutoa maji mekundu alfajiri, chai ikawa nyeusi kama wino, na ikifika saa nne maji yametakata? Na hilo bomba jipya la chuma kisichoshika kutu wanaloahidiwa, litadumu?

Maji yamelala ndani ya bomba usiku kucha, na yamelila. Kwa sababu hiyohiyo, mwaka 2016 Wizara ya Maji na Mazingira ya Uganda ilisimamisha ufungaji wa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki kwenye pampu za mkono. Chuma, maji, oksijeni, kutu: hayo tuliyamaliza shule ya msingi. Mimi nataka kusimulia kinachokizuia chuma kisioze.

Mwaka 1836 Christian Schönbein wa Basel alimwandikia Michael Faraday kuhusu kioja: chuma kilichotiwa kwenye asidi kali ya nitriki kilinyamaza tu, ilhali asidi hiyo ikizimuliwa kwa maji, chuma hutoka povu na kuyeyuka. Faraday alishuku kuwa uso wa chuma umejifunika oksidi isiyoonekana. Hakukosea. Unene wake ni nanomita chache. Panga 10,000 za namna hiyo, hujafikia unene wa unywele.

Tuiteje? "Tabaka la ulinzi" linanukia ofisi. Mimi naiita utando, kama ule wa maziwa. Ile kutu nene inayobanduka tuiite utandu, kama ukoko wa wali. Herufi moja, tabia mbili. Mhariri ameguna, lakini nimeshaandika. Wasomaji wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale wenye Kiswahili cha Kongo, mkiwa na neno bora nileteeni.

Sasa chemsha maziwa, Mbarara hayakosekani. Utando unatanda. Utoboe kwa kijiko, utajifunga tena maadamu maziwa yana moto. Wa chuma nao hukaa hivyo: maji yanaulamba kwa nje, nao unajifuma upya kwa ndani, mchana na usiku. Kisha anakuja kloridi, ioni ya chumvi ya mezani. Ndani ya utando kuna viti vya oksijeni, na baadhi vi wazi. Kloridi anakalia kiti kisicho chake. Mgeni akishaketi, chuma huzidi kuhama kwenda majini, na kila kinapohama kinaacha pengo. Mapengo yanajikusanya chini, mpaka utando unaning'inia juu ya utupu, kama ule wa maziwa ambayo mtoto ameyanyonya kwa mrija bila kuugusa. Unapasuka. (Wapo wanaoeleza vingine, mimi napenda viti.)

Hapo maziwa yananiacha, maana tundu hili halijifungi. Chuma kinachoyeyuka humo hugeuza maji ya tunduni kuwa asidi, asidi inauzuia utando mpya, na chaji chanya ya chuma inawavuta kloridi wengine waingie. Kinachonifurahisha zaidi ni utando uliobaki mzima pembeni, unaong'aa kama haujui kitu: ndio unaopokea elektroni zinazotoka tunduni, na kwa kuwa ni mpana, tundu linachimbika haraka.

Kwenye mabomba ya zinki, mara nyingi mkosaji ni uasidi wa maji ya ardhini, si chumvi. Bomba jipya lina kromiamu, angalau asilimia 10.5, na utando wake huhimili uasidi mdogo. Adui yake ni huyo kloridi. Kwa hiyo, mama, litadumu, ila kisima kikisafishwa kwa klorini, ambayo huacha kloridi, msiiache ikalala humo siku nyingi.

Kesho alfajiri chukua beseni mbili nyeupe. Kinga maji ya kwanza kwenye moja, na ya baada ya nusu saa ya kupampu kwenye nyingine. Ya pili yakiwa safi, kutu inatoka kwenye bomba, si ardhini. Zipeleke beseni zote mbili kwa kamati ya maji.