Wiki Nne za Kiu

Handeni na Korogwe, wilaya za mkoa wa Tanga, zinapakana, lakini kwa maji zimeachana mbali. Korogwe inapitiwa na mto Pangani, na wakulima wa Mombo huingiza maji kwenye majaruba ya mpunga kwa mifereji. Handeni haina mto wa namna hiyo. Hata maji ya kunywa husukumwa kwa pampu kutoka Pangani, upande wa Korogwe, kupitia bomba kuu la HTM (Handeni Trunk Main) lililojengwa miaka ya 1970. Ukame wenyewe ni wa tangu zamani: katika karne ya 19 kuna Wazigua, wenyeji wa Handeni, walioondoka kwa njaa wakaishia utumwani kando ya mto Juba, Somalia, na baadhi ya wazao wao walirudi wakiwa wakimbizi na kupewa makazi Chogo, hapo hapo Handeni.

Zao la Handeni ni mahindi. Mara nyingi mvua haikosekani msimu mzima. Inakatika katikati, na hapo kila kitu hutegemea mahindi yamefikia umri gani.

Mbelewele zikichomoza juu, chavua hudondoka kwenye ndevu za hindi. Kila unywele wa ndevu unaelekea punje yake moja. Mmea ukiwa na kiu, ndevu huchelewa kutoka au hukauka, chavua inamwagika bure, na gunzi linabaki na mapengo ambayo mvua ya baadaye haiwezi kuyaziba. Shirika la FAO lilitoa mwaka 1979 vipimo vinavyotumika hadi leo. Mahindi yakikosa nusu ya maji yanayohitaji wakati bado yanarefuka, mavuno hupungua kwa takriban asilimia 20. Yakikosa nusu hiyo hiyo wakati wa maua, hupungua kwa asilimia 75.

Hapa ndipo umwagiliaji wa kunyunyizia unapopata kazi. Mombo hawauhitaji, maana mpunga wao unataka maji yasimame. Lakini shamba la mahindi lenye mwinuko, ambalo mfereji ungelichimba makorongo, linafaa kwa vinyunyizi. Kwa makadirio ya FAO, mifereji hufikisha kwenye mizizi asilimia 60 hivi ya maji, vinyunyizi asilimia 75.

Athari yake kwa mavuno hupimwa kwa mbinu ninayoipenda kwa urahisi wake, iliyoelezwa na watafiti wa Utah, Marekani, mwaka 1976. Unalaza mstari mmoja wa vinyunyizi katikati ya shamba. Mimea ya karibu hunyweshwa sana, ya mbali kidogo, ya pembeni kabisa haipati tone. Kisha unavuna mstari kwa mstari na kuona kila milimita imeleta nini. Hapa nchini mbinu hiyo ilitumika kwenye chai huko Ngwazi, Mufindi, miaka ya 1980.

Vinyunyizi vina gharama zake. Vingi vinataka mgandamizo sawa na kupandisha maji mita 20 hadi 30, yaani mafuta ya pampu au umeme. Upepo wa mchana hupeperusha matone, hivyo ni heri kumwagilia alfajiri. Majani yanayolowa muda mrefu hukaribisha ukungu, na maji ya kisima yenye chumvi huyaunguza.

Lakini swali kubwa la Handeni ni maji yatoke wapi. Tufanye hesabu. Mizunguko mitatu ya kumwagilia, kila mmoja milimita 30, kwenye ekari moja ni mita za ujazo 364. Ukiongeza yanayopotea njiani, unahitaji kama 486, ambazo ni lambo la mita 20 kwa 12 lenye kina cha mita 2 na kidogo zaidi, kabla jua halijachukua fungu lake. Kumwagilia msimu mzima kwa lambo la namna hiyo ni ndoto. Kuvusha ekari moja kwenye ukame wa maua kunawezekana.

Kwa hiyo anayetaka kununua vinyunyizi achimbe lambo kwanza, alijaze kwa mvua za mwanzo wa msimu, na asiyaguse maji hayo mahindi yanapokuwa ya magotini. Ayatunze kwa zile wiki mbili kabla ya ndevu kutoka na mbili zinazofuata.