Fahamu: Vipeo vilingane kwanza, ndipo ujumlishe watu wa Kaskazini Mashariki

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 841,353 katika kaunti ya Garissa, 781,263 Wajir na 867,457 Mandera. Takwimu hizo zimebishaniwa hadi mahakamani, kwa sababu mgao wa fedha na mipaka ya maeneo bunge hutegemea idadi ya watu. Mkazi wa Masalani, Garissa, ana haki ya kuzikagua mwenyewe.

Kwa mtindo wa kisayansi, ukikadiria, Garissa ni 8.41 × 10⁵, Wajir 7.81 × 10⁵, Mandera 8.67 × 10⁵. Vipeo, yaani nambari ndogo za juu ya 10, vinalingana, basi jumlisha nambari za mbele tu: 24.89 × 10⁵. Nambari ya mbele isifike 10, kwa hiyo andika 2.489 × 10⁶.

Wengi hujumlisha na vipeo pia, wakapata 10¹⁵. Idadi hiyo inapita mbali watu wote duniani, ambao ni takriban 8 × 10⁹. Vipeo hujumlishwa wakati wa kuzidisha.

Kutoa ndiko kunakosumbua. Kenya nzima ilikuwa na watu 4.756 × 10⁷. Ukiondoa eneo letu, usikimbilie 4.756 − 2.489, kwani moja ni makumi ya mamilioni, nyingine mamilioni, kama kutoa shilingi kwenye noti za elfu bila kuzivunja. Geuza 2.489 × 10⁶ iwe 0.2489 × 10⁷: kipeo kikipanda moja, nukta husogea kushoto hatua moja. Jibu ni 4.5071 × 10⁷, yaani watu milioni 45 hivi.

Mwalimu, wape wanafunzi takwimu hizi za kwao wazifanyie hesabu.