Je, Wajua? Mwalimu wa Umeme Aliyezipa Meli Masikio

Je, wajua kwamba Reginald Fessenden, mmoja wa waasisi wa elektroniki za baharini, alianza kwa kushika chaki? Alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1866, na akiwa bado kijana aliongoza shule moja huko Bermuda iliyokuwa na mwalimu mmoja tu: yeye mwenyewe.

Je, wajua kwamba alipoomba kazi kwa Thomas Edison alikiri hajui lolote la umeme, ila hujifunza upesi? Alikataliwa. Hakukata tamaa, na mwaka 1886 akaajiriwa. Kufikia 1892 alikuwa profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani.

Je, wajua kwamba Desemba 1900 alirusha sauti ya mtu bila waya, umbali wa kilomita 1.6 hivi? Wenzake walikuwa bado wanatuma alama za Morse.

Lakini kubwa zaidi ni hili. Titanic ilizama Aprili 1912 baada ya kugonga mlima wa barafu, na Fessenden akatengeneza bamba la chuma linalotetemeshwa kwa umeme mara 540 kwa sekunde. Lilipiga sauti majini, kisha likageuka sikio la kunasa mwangwi. Tarehe 27 Aprili 1914, kwenye meli Miami huko Grand Banks katika bahari ya Atlantiki, lilitambua barafu iliyokuwa kilomita 3 hivi mbele. Sauti hukata mita 1,500 hivi kwa sekunde baharini, kwa hiyo mwangwi ulirudi kwa takriban sekunde nne. Majaribio hayohayo yalinasa pia mwangwi wa sakafu ya bahari. Mabaharia waliozoea kutosa bildi sasa wangeweza kupima kina chombo kikiwa mwendoni!

Je, wajua kwamba kifaa cha kutafutia samaki hufuata kanuni ileile? Hutumia mitetemo 50,000 au 200,000 kwa sekunde, isiyosikika kwa sikio la binadamu. Mwangwi mwingi hutoka kwenye kifuko cha hewa tumboni mwa samaki. Sehewa hana kifuko hicho, ndiyo maana huonekana hafifu.

Na je, wajua kwamba marekebisho ya Manila ya mwaka 2010, ya mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, yaliitambua rasmi kazi ya afisa wa umeme na elektroniki melini? Ukiwa na kijana anayependa kufungua redio na kutazama bahari, mwambie kazi hiyo ipo.