Faith Kipyegon: Uzazi haukumpunguzia kasi

Katika mbio za mita 1500 kwa wanawake, Mkenya Faith Kipyegon ana dhahabu 3 za Olimpiki, dhahabu 4 za ubingwa wa dunia na rekodi ya dunia. Lakini kuna jambo ambalo wengi hulisahau: rekodi zake zote za dunia amezivunja baada ya kuwa mama.

Alianzia wapi?

Kipyegon alizaliwa Januari 1994 na kukulia Keringet, kaunti ya Nakuru, katika familia ya watoto 9. Mwaka 2010, akiwa na miaka 16, alikimbia peku katika mbio za nyika za dunia za vijana nchini Poland, akamaliza wa 4. Mwaka uliofuata, nchini Uhispania, alikimbia tena peku. Safari hii alishinda.

Kwa nini mita 1500 ni ngumu?

Ni mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja. Mkimbiaji wa mita 100 hutoa nguvu zote mara moja, na wa marathoni huzigawa kidogo kidogo. Wa mita 1500 anahitaji vyote viwili: pumzi ya kuhimili kasi kubwa, na akiba ya kuchomoka mwishoni.

Kwenye Olimpiki hakuna mkimbiaji anayewekwa mbele kuongoza kasi, hivyo wakimbiaji huviziana. Ndivyo ilivyokuwa Rio mwaka 2016. Mbio zilianza polepole, kisha Genzebe Dibaba wa Ethiopia, aliyeshikilia rekodi ya dunia, akaongeza kasi ghafla. Kipyegon alimfuata, akampita kwenye mzunguko wa mwisho na kutwaa dhahabu. Mwaka 2017 akawa bingwa wa dunia mjini London.

Nini kilitokea baada ya kujifungua?

Alijifungua binti Juni 2018. Hakuharakisha kurudi, alishindana tena Juni 2019, mtoto akiwa na mwaka mmoja. Miezi michache baadaye alipata fedha katika mashindano ya dunia mjini Doha, kwa muda bora kuliko wowote aliowahi kukimbia.

Tazama tofauti. Kabla ya kujifungua, muda wake bora ulikuwa dakika 3:56.41. Julai 2025, mjini Eugene, Marekani, alikimbia dakika 3:48.68, yaani takriban sekunde 61 kwa kila mzunguko. Kama Kipyegon wa leo angeshindana na yule wa zamani, angemwacha kwa karibu mita 50.

Aliwezaje?

Alipewa muda wa kupona, kisha akajenga nguvu hatua kwa hatua. Hufanya mazoezi Kaptagat chini ya kocha Patrick Sang, katika kundi moja na Eliud Kipchoge. Mumewe, Timothy Kitum, alipata shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 2012, kwa hiyo anaijua kazi hii.

Je, mwanamke anaweza kukimbia maili chini ya dakika 4?

Kipyegon alijaribu mjini Paris, Juni 2025, akimaliza kwa dakika 4 na zaidi ya sekunde 6. Muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi kwa sababu alizungukwa na waongoza kasi, wakiwemo wanaume, kinyume na kanuni. Rekodi rasmi ilibaki ile yake ya mwaka 2023, dakika 4:07.64.

Tunajifunza nini?

Olimpiki ya Paris 2024 ilimpa dhahabu ya 3 mfululizo katika mita 1500, jambo ambalo hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kulifanya. Septemba 2025 alishinda tena ubingwa wa dunia, mjini Tokyo.

Wasichana wengi wenye kipaji huacha michezo wakiambiwa kwamba ndoa na mtoto ndio mwisho wa safari. Si kila mama ana kocha na kambi kama Kipyegon. Lakini historia yake inaonyesha kwamba mama akipewa muda, mazoezi sahihi na familia inayomsaidia, anaweza kurudi akiwa na kasi zaidi.