Mpira wa Mita Mbili Uliowagawa Wazamiaji

Kuna wazamiaji walionuniana miaka mingi kwa sababu ya mpira wa kupitishia hewa. Walichogombania ni urefu wake, njia unayopita mwilini, na nani apewe kipi mdomoni siku hewa ikimwishia. Kundi moja lilisema mpira uwe wa futi saba, yaani mita 2.1, ushuke ubavu wa kulia, ukate kifua kuelekea bega la kushoto, uzunguke nyuma ya shingo ndipo ufike mdomoni. Kila mtu avae hivyo, kila safari, hata akiwa bwawani anafanya mazoezi. Kundi la pili lilijibu kwa swali moja: ninyi ni nani hata mnivalishe?

Mtalii anayeshuka kutazama samaki Mnemba au Kisite haumhusu sana ugomvi huu. Kwake, mambo yakiharibika, juu kuna mwanga na mashua. Wanaogombana ni wale wa uzamiaji unaoitwa wa kiufundi: wanaopita mita 40, wanaoingia mapangoni na ndani ya meli zilizozama, wanaokaa chini hadi mwili umenyonya gesi ya kutosha kuwalemaza au kuwaua wakipanda moja kwa moja. Hao hawana ruhusa ya kukimbilia juu. Tatizo hutatuliwa palepale lilipotokea, gizani, kwa mikono yenye glavu, na pengine kwa kichwa kilicholewa naitrojeni.

Chimbuko la yote ni kaskazini mwa Florida, Marekani, kwenye ardhi ya chokaa iliyotobolewa na maji hadi ikawa na chemchemi na mapango marefu yasiyo na mwisho unaojulikana. Watu wengi walifia humo. Mwaka 1979 Sheck Exley, mzamiaji mashuhuri wa mapango hayo, alitoa kijitabu kilichochambua vifo hivyo kimoja kimoja, na sababu kuu zilikuwa chache hadi zinatia uchungu: marehemu hakufunga kamba ya kumrudisha mlangoni, au hakubakiza theluthi mbili ya hewa yake kwa safari ya kutoka, au alizama kina kikubwa mno akipumua hewa ya kawaida. Kanuni ya theluthi bado inafundishwa mpaka leo: moja ya kuingilia, moja ya kutokea, moja ya dharura.

Katika mapango hayohayo Bill Hogarth Main alikuwa akipunguza vifaa mwilini mwake. Falsafa yake ilikuwa nyepesi: kisichohitajika kisiingie majini, na kinachohitajika kibane mwili kisining'inie. Hakuwa na shida na namna wengine walivyovaa. Waliogeuza mtindo wake kuwa sheria ni wazamiaji wa Woodville Karst Plain Project, mradi wa kuchunguza na kuchora ramani za mapango ya eneo la Wakulla, hasa chini ya uongozi wa George Irvine. Irvine alikuwa na ulimi mkali na jina la dharau kwa yeyote aliyezama kinyume na wao. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kutozama na watu hao. Mfumo ukapewa jina la DIR, kwa maana ya kufanya jambo ipasavyo, na jina lenyewe lilitosha kuwaudhi wengine wote. Mwaka 1998 Jarrod Jablonski alianzisha Global Underwater Explorers, GUE, ili mafunzo hayo yatoke Florida na kuenea duniani.

Matokeo waliyonayo si ya kubeza. Tarehe 15 Desemba 2007 Jablonski na Casey McKinlay waliingia shimo la Turner Sink wakatokea chemchemi ya Wakulla, safari ya karibu kilomita 11 chini ya ardhi, sehemu kubwa ikiwa kwenye kina kinachozidi mita 80. Mwendo wenyewe ulichukua kama saa saba. Kisha zilifuata saa nyingi zaidi za kupanda kidogo kidogo wakingoja miili itoe gesi. Safari kama hiyo inategemea mitungi ya akiba iliyotangulizwa njiani na kundi zima la wasaidizi. Mtu akikuletea mtungi kwenye kina cha mita 30 baada ya saa kumi majini, hutaki kuanza kumuuliza umefungwaje.

Mpira ule mrefu una hoja ambayo mimi sijaona jibu lake. Katika mafunzo ya kawaida, mwenzako akiishiwa unampa kifaa cha akiba, kile cha njano kinachoning'inia ubavuni. Lakini mtu aliyeishiwa hewa hasubiri kupewa. Ananyakua anachokiona kinatoa mapovu, nacho kiko mdomoni mwako. DIR wakasema basi mpe hichohicho, kwa kuwa sekunde moja iliyopita ulikuwa unakipumua na una hakika kinafanya kazi na gesi yake inafaa kwa kina mlichopo. Wewe unachukua cha akiba kilichofungwa kwa kamba ya mpira chini ya kidevu chako. Urefu wa mita mbili unawawezesha kutoka mmoja nyuma ya mwingine pale pango linapobana. Hiyo inafanya kazi tu kama wote wawili wanajua kitatolewa kipi, na hapo ndipo usawa wa vifaa unapoacha kuwa ushabiki.

Hoja ya gesi ni nzito zaidi. Kuanzia kina fulani hewa ya kawaida huwa sumu ya aina mbili: naitrojeni inalewesha, na oksijeni, mgandamizo ukizidi, inaweza kumtia mtu degedege papo hapo. Kwa hiyo wazamiaji huchanganya heliamu, na wakati wa kupanda hubadilisha gesi. Mchanganyiko wenye nusu oksijeni haupumuliwi chini ya mita 21, na oksijeni tupu haipumuliwi chini ya mita 6. Mtu anaweza kubeba mitungi minne inayofanana, na kukosea mmoja kumetosha kuua wazamiaji wenye uzoefu mkubwa. Wengine walijikinga kwa rangi za mipira, wengine kwa kukumbuka upande wa mwili, wengine kwa kupapasa kifaa cha mdomoni. DIR walitupa mbinu hizo zote, wakaandika kina cha mwisho kwa tarakimu kubwa kwenye mtungi mahali mwenzako anapoona, wakatumia michanganyiko michache ileile ya kila siku, na mwenzako lazima athibitishe kabla hujaiweka mdomoni. Ningekuwa na mamlaka, hilo na lile la mpira ningeyafanya lazima kwa kila chama. Mengine yote wanayosisitiza nayaona yana nafasi ya kujadiliwa.

Maana dunia nzima si Florida. Mapango ya Uingereza ni membamba, maji ni baridi na yamejaa tope, na mara nyingi mtu hutambaa nchi kavu muda mrefu akiburuta mitungi kabla hajafika panapozamiwa. Mitungi miwili iliyounganishwa mgongoni haipiti huko. Waingereza wakaifunga ubavuni, kila mtungi na kifaa chake cha kupumulia, usiounganishwa na mwenzake, na mzamiaji anabadilishana kati ya huu na ule. Wengi wao huzama peke yao. Kwa mawazo yao, mwenzi aliye nyuma yako kwenye shimo la tope hakuoni wala hawezi kukufikia, na huenda ndiye atakayekuzibia njia ya kutokea. Ukiwasomea kanuni za Florida watakusikiliza kwa adabu.

Hao ndio walioitwa Thailand. Tarehe 2 Julai 2018 Rick Stanton, mzimamoto mstaafu, na John Volanthen, mtaalamu wa kompyuta, waliwakuta wavulana 12 na kocha wao waliokwama ndani ya pango la Tham Luang. Watetezi wa uhuru wa mzamiaji wanapenda kuitaja siku hiyo, na wana haki. Ila wakumbuke na yaliyofuata. Ulipofika wakati wa kuwatoa, kila mvulana alivalishwa kwa mpangilio mmoja, na barakoa ya uso mzima. Kila mmoja alitiwa dawa ya usingizi. Zoezi lilifanywa kwanza bwawani na watoto wa eneo hilo wenye maumbo kama yao. Watu waliozoea kila mmoja kufanya lake walikubaliana utaratibu mmoja bila kubishana mara maisha yaliyobebwa yalipokuwa ya wengine. Wote 13 walitoka hai.

Upande wa DIR nao una doa ambalo halifutiki kwa nidhamu. Kwa miaka mingi uzamiaji wa kiufundi, wao wakiwa mstari wa mbele, uliamini kwamba wakati wa kupanda ni vizuri kuanza kusimama ukiwa bado chini sana. Watu walifundishwa kukokotoa vituo hivyo kichwani na kuacha kompyuta za mkononi. Mwaka 2011 kitengo cha majaribio ya uzamiaji cha Jeshi la Wanamaji la Marekani kilitoa ripoti ya kulinganisha mipango miwili yenye muda sawa, mmoja ukianza kusimama chini na mwingine ukisimama zaidi juu. Walioanza chini waliugua zaidi. Kundi ambalo kila mtu anafanya lake lingekuwa na waliokosea na waliopatia. Kundi lenye utaratibu mmoja linakosea lote siku moja, na kwa kuwa kila jirani anafanya hivyohivyo hakuna wa kumtilia shaka mwenzake. Leo GUE inafundisha mitungi ya ubavuni na mashine za kupumulia za mzunguko kamili, mambo ambayo wazee wake waliyapinga kwa nguvu. Sijasikia mabadiliko hayo yakitangazwa kwa sauti ileile iliyotumika kuyapinga.

Kuhusu mafunzo, wapinzani wa DIR wananyamaza kidogo, na ni sawa wanyamaze. Vyeti vingi vya kuzamia, ukishavipata, ni vyako hadi kaburini, hata kama hujagusa maji miaka ishirini. Cha GUE kina tarehe ya mwisho. Kozi yao ya msingi mtu anaweza kufeli, na wengi hufeli, kwa kushindwa tu kuelea akiwa amelala sawasawa bila kupanda wala kushuka huku akifanya kazi kwa mikono. Wavuta sigara hawapokelewi. Biashara ya utalii haiwezi kuishi hivyo, na hilo ni tatizo la biashara.

Pwani yetu imeshaonja kina cha aina hii. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa, likazama na mama na mtoto wake. Lilipatikana likiwa kwenye kina cha karibu mita 58, na lilitolewa siku ya kumi na tatu. Kwenye kina hicho mgandamizo unakaribia mara saba ya ule wa juu, na kivukoni maji yana mkondo na giza. Waliotafuta walikuwa wanamaji wa Kenya, wazamiaji wa mashirika mengine, watu binafsi, na wengine kutoka Afrika Kusini. Watu waliofundishwa mahali tofauti namna hiyo wakikutana juu ya meli moja, Florida na Uingereza haziwasaidii chochote mpaka wasimame ubavu kwa ubavu, wavae, waguse vifaa vya wenzao, na kila mmoja aoneshe kwa mkono kipi atakitoa mdomoni hewa ikimwishia mwenzake.