Wimbo wa Harusi Una Mwenyewe

Katika miji ya Waswahili, kutoka Lamu hadi Unguja, anayeambiwa na shoga yake "siku yangu utaniimbia" hupewa heshima na mtihani kwa pamoja. Nyimbo za kumsifu bibi harusi, kuwapongeza wazazi na kumshukuru Mungu ziko tele, na hakuna aliyelaumiwa kwa kuzichagua. Kazi humpata anayetaka kuleta kingine: wimbo wa mapenzi yaliyovunjika walioupenda wote wawili tangu usichana wao, au kijembe cha taarab walichokuwa wakikichekea, au dansi la zamani lisilomtaja mwari wala ndoa. Mama wakubwa wakiulizwa watajibu haraka kwamba haifai. Lakini harusi zao wenyewe zinawasuta. Nyimbo za ajabu zimekuwa zikiimbwa humo tangu zamani. Sharti lilikuwa kwamba wimbo uwe na mwenyewe anayejulikana, na uimbwe pale panapoustahili.

Tuanze na gungu, ngoma ya waungwana wa Lamu, Pate na miji ya jirani, iliyochezwa usiku wa harusi. Askofu Edward Steere alipochapisha kitabu chake Swahili Tales mwaka 1870, alitia humo utumbuizo wa gungu pamoja na mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, akaeleza kwamba watu walikutana usiku mkubwa na kucheza hadi kulipopambazuka. Lugha ya tumbuizo hizo ni ya mafumbo, na msikilizaji aliachiwa kazi ya kufumbua. Liyongo mwenyewe ndiye mfano mkubwa. Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, unasimulia jinsi shujaa huyo alivyofungwa gerezani, mama yake akamfichia tupa ndani ya mkate, naye akasubiri gungu ipambe moto. Pembe, matasa na waitikiaji walipopaza sauti, alikata minyororo yake bila mlinzi kusikia. Mji mzima ulidhani unacheza gungu, kumbe unamfungulia mfungwa. Tangu enzi hizo, basi, watu wa pwani wamejua kwamba wimbo wa sherehe unaweza kubeba shughuli nyingine kabisa chini yake.

Vugo ina ukali wa namna yake. Wanawake hugonga pembe za nyati au ng'ombe kwa vijiti, wakiimba kwa kupokezana. Wimbo mmoja utausifu ukoo wa bibi harusi. Unaofuata, kwa mahadhi yaleyale, utamuuma aliyesema binti huyu hataolewa. Mombasa ya karne ya 20 ilikuwa pia na lelemama, na hapo ushindani ulipata uongozi na sare. Vyama vya wanawake kama Ibinaal Watan na Banu Saada viliimbana na kuchambana, kila kimoja kikitafuta kumzidi mwenzake kwa mavazi, kwa karamu na kwa maneno. Mwanahistoria Margaret Strobel aliziandika habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa, baada ya kuzungumza na wanawake walioziona. Anayedhani kwamba bibi zetu waliimba sifa na dua tu, hawajui bibi zetu.

Kisha kuna taarab. Huko Unguja ilianzia kwenye kumbi za Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na klabu ya Nadi Ikhwan Safaa ikaanzishwa mwaka 1905. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ndiye aliyeitoa kwa wakubwa akaitia midomoni mwa watu, kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alipelekwa Bombay kurekodi santuri. Pamoja na mapenzi aliimba habari za mjini. Wimbo wa Kijiti unasimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni na hukumu iliyowaacha watu na uchungu. Muziki wa namna hiyo, wenye majuto, usaliti, hasadi na malalamiko ndani yake, ndio unaoalikwa harusini mpaka leo. Keti kwenye harusi yenye taarab usiku mmoja, sikiliza maneno: nyimbo nyingi hazitaji ndoa kabisa, na zikiitaja mara nyingi ni kwa kulalamika.

Mbona hakuna anayekasirika? Kwa sababu ya tunzo. Mwimbaji anapofika kwenye ubeti wenye mkuki, mwanamke huinuka kitini, huja mbele polepole kwa madaha, noti juu, akampa mwimbaji au akamwekea kichwani, kisha akarudi alikotoka. Hapo ndipo macho yote hugeuka. Ameinuka kwenye mstari gani? Amepita karibu na nani? Amemtazama nani alipokuwa akiinua mkono? Mwanaanthropolojia Kelly Askew, katika Performing the Nation cha mwaka 2002, alionyesha kwa mifano kutoka Tanga jinsi tunzo inavyoyahamisha maneno kutoka kwa mtunzi kwenda kwa mtunzaji. Mwimbaji ameimba tu. Aliyesema ni aliyetunza. Kwa hiyo wimbo uleule, usiku uleule, unaweza kuwa pole kwa mmoja, kijembe kwa wa pili, na kwa wa tatu burudani isiyomhusu. Ni kama kanga: duka zima linauza jina moja, lakini jirani akilivaa mbele ya mlango wako, unajua umeambiwa wewe.

Hili ndilo jambo la kwanza la kupima kwa anayetaka kumwimbia rafiki yake wimbo usiotarajiwa. Wageni watauliza nani anamwambia nani kabla hawajauliza wimbo unahusu nini. Shoga wa kufa na kuzikana ana ruhusa ambayo wengine hawana. Akiimba wimbo wa mwanamke anayemwonya mwenzake kuhusu wanaume, ukumbi utacheka, maana wote wanajua urafiki wao na masihara yao. Wifi akiuimba huohuo, kicheko kitakuwa cha upande mmoja. Mavyaa akiuimba, kikao cha wazee kitaitishwa kabla fungate haijaisha. Na mwanamke aliyewahi kuposwa na bwana harusi, hata akichagua kasida, atasikilizwa kwa masikio mawili. Maneno ya wimbo hayajabadilika, aliyebadilika ni msemaji.

Jambo la pili ni mahali na wakati. Harusi ya pwani ni siku kadhaa, na kila siku ina mlango wake. Kwenye singo na hina, mwari yupo na wanawake wa karibu, akisuguliwa manukato na kuchorwa. Hapo ni pa masihara, na wimbo wa kichekesho uliotungwa na wasichana wenzake hupokewa kwa vigelegele. Ndani zaidi, kwa somo au kungwi, kuna ngoma na nyimbo zinazofunza mambo ya chumbani bila kuficha, na nyimbo hizo hazitoki nje. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa fundi wa mafunzo hayo, na jina lake lilipotangaa, ngoma za unyago zilimfuata hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, mbele ya wanaume na wageni. Majumbani, hata hivyo, nyimbo hizohizo bado zina bawabu. Nikahi ni ya kasida, maulidi na dufu, na kuna familia ambazo hazikubali chombo kingine chochote hatua hiyo. Usiku wa kupamba, bibi harusi akiwa amekaa juu ya jukwaa na wanawake wamevua mabuibui, taarab na chakacha hupata nafasi yake, na wengi hukataza simu za kupiga picha. Kila mlango una wimbo wake usiofaa. Masihara ya usiku wa hina yakipelekwa kwenye nikahi ni utovu wa adabu. Dua ndefu ikipelekwa kwenye chakacha ni kuzima moto wa watu.

Upo wimbo mmoja unaothibitisha haya yote, na wengi wameucheza bila kuwaza. Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William jijini Nairobi karibu na mwaka 1960, umepigwa harusini Afrika Mashariki yote. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba kwenye albamu yao ya 1965, Boney M wakaurekodi mwaka 1981, na hadi leo watu hubishana ni nani hasa aliyeutunga. Anayeimba ndani yake ni kijana anayempenda msichana na hawezi kumuoa, kwa sababu hana mali. Kwa maneno mengine, ni wimbo wa harusi iliyoshindikana, na maharusi huucheza wakiwa wameshikana mikono, mahari imekwisha kulipwa, shangazi akifuta machozi ya furaha. Hakuna mgeni anayesimama kupinga. Mahadhi ni matamu, waimbaji wanapendwa, na kila mtu ukumbini amekubali kwamba leo wimbo huu ni wa pongezi. Lakini uimbwe kwenye harusi ambayo upande wa bwana harusi umeombwa mahari mara mbili na bado unadaiwa, na uimbwe na rafiki wa bibi harusi akiutazama upande huo. Hapo Malaika utarudi kuwa wimbo wa kukosa, na hakuna atakayefuta machozi ya furaha.

Kumbi za bara na miji mikubwa zimeleta mambo mapya. Dar es Salaam, kamati ya harusi hukaa vikao, bajeti hupitishwa, matarumbeta hukodiwa kusindikiza msafara, na ukumbini mshereheshaji ana ratiba mkononi: kuingia maharusi, keki, ndafu, utambulisho, zawadi. Kila kipengele kina wimbo wake, na DJ amekwisha kupewa orodha. Kanisani napo kwaya na padri au mchungaji ndio wenye neno kuhusu kinachoimbwa ibadani. Katika mpango huo, rafiki anayetaka kuimba hupewa dakika chache kati ya chakula na zawadi, mbele ya mamia ya watu ambao wengi wao hawajawahi kumwona. Hapo ndipo ugumu unapoongezeka. Uani, wanawake hamsini wanajua historia ya ushoga wenu. Ukumbini, wafanyakazi wenzake baba mzazi hawajui lolote, na hakuna wa kuwafumbulia. Wimbo wa utani uliochekesha kwenye kitchen party, Alhamisi, unaweza kuwa aibu Jumamosi, na waimbaji ni walewale.

Wenye busara hutatua jambo hili kwa njia mbili. Kwanza humwendea somo, au dada mkubwa wa bibi harusi, au mwenyekiti wa kamati, wakamwimbia wimbo wenyewe badala ya kumtajia jina tu. Mtu huyo ndiye anayejua yaliyomo nyumbani: nani ameachika juzi, nani hazungumzi na nani, posa ipi ilikataliwa. Wimbo ambao kwako ni kumbukumbu ya bweni, kwa mama yake mkubwa unaweza kuwa talaka yake. Pili hutoa utangulizi kabla ya kuimba, kwa maneno machache ya wazi: kwamba huu ni wimbo tuliokuwa tukiuimba pamoja, namuimbia yeye, hauna fumbo. Taarab haifanyi hivyo, kwa kuwa raha yake imo katika kuwaacha watu wakijiuliza. Rafiki hana haja ya kuwaacha wakijiuliza. Akishautaja mwenyewe wa wimbo, mtunzaji mwenye nia mbaya hukosa pa kuushikia.

Kuna waonao kwamba hadhari zote hizi ni kujitia uzito, na kwamba afadhali kuimba kile ambacho kila mtu ameimba. Ni salama, kweli, lakini nyimbo za orodha ya DJ hupigwa kwa maharusi wa Jumamosi hii na wa Jumamosi ijayo, na hazimtambui yeyote kati yao. Mila ya pwani haikuwa ya namna hiyo. Waimba vugo walitunga kwa ajili ya ukoo huu, mji huu, usiku huu, na waliposifu ulijua nani anasifiwa. Wimbo wa ajabu unaochaguliwa na rafiki, ukapimwa, ukapelekwa mahali pake, uko karibu zaidi na desturi hiyo kuliko wimbo wa harusi unaojulikana na wote.

Kwa hiyo wewe uliyeombwa kumwimbia rafiki yako, usiogope wimbo kwa sababu haujawahi kusikika harusini. Jiulize nani atakuwa amekaa mstari wa mbele, ni usiku gani kati ya siku za harusi, na maneno yale yakitoka kinywani mwako yatamgusa nani. Ukiwa na majibu matatu, na somo amekukubalia, imba. Ukikosa hata moja, chagua mwingine. Mwari aolewe kwa amani, nanyi mbaki marafiki.