Upofu wa rangi watatiza wanafunzi wa intaneti

Watu wengi wakisikia upofu wa rangi hudhani kwamba mwenye hali hiyo huona kila kitu cheusi na cheupe. Wa namna hiyo ni wachache mno. Mwenye aina ya kawaida husoma hata maandishi madogo, ila nyekundu, kijani na kahawia humchanganya. Kwa kuwa amezaliwa hivyo, mara nyingi yeye mwenyewe hajui.

Zamani jambo hili halikumsumbua sana darasani. Mwalimu aliandika kwa chaki nyeupe kwenye ubao mweusi, basi. Lakini hasa tangu shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, masomo mengi yamehamia kwenye simu na kompyuta, na huko rangi imegeuzwa kuwa lugha. Jibu sahihi huwa la kijani, kosa huwa jekundu. Grafu ina mistari mitatu inayotofautiana kwa rangi tu.

Nimewahi kumpima kijana aliyesomea uhasibu kwa intaneti. Alikuja akitaka miwani, kwa maana alikuwa akifeli majaribio ya hesabu alizozijua. Herufi za ukutani alizisoma hadi mstari wa mwisho. Nilipomfungulia kitabu cha Ishihara, chenye vitone vya rangi vinavyoficha tarakimu, kilichobuniwa na daktari Mjapani mwaka 1917, tarakimu nyingi hakuziona. Miwani haingemsaidia. Nyumbani walikuwa wamekwisha kumwita mzembe.

Hali hii hurithiwa. Chembe za jicho zinazotambua rangi nyekundu na kijani hutegemea kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, aliyoipata kwa mama. Ikiwa na kasoro, hana nyingine ya kuifidia. (Kwa hivyo baba asilaumiwe kwa macho ya mwanawe wa kiume.) Msichana ana mbili. Ndiyo sababu, miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya, hali hii hupatikana kwa mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200. Kwa Waafrika ni nadra zaidi, lakini katika kozi yenye mamia ya wanafunzi hawakosekani.

Hospitalini hatuna dawa ya kuiondoa. Anayeweza kusaidia ni mwenye kutayarisha somo, na gharama yake ni ndogo. Kando ya alama ya kijani aandike neno "sahihi". Mstari mmoja wa grafu uwe mzima, mwingine wa nukta nukta. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa za intaneti, WCAG, umeagiza tangu 1999 kwamba rangi isiachiwe peke yake kubeba maana. Mwalimu anayetaka kujipima achapishe somo lake kwa wino mweusi, aone kama bado linaeleweka. Mwanafunzi naye atafute kwenye mipangilio ya simu sehemu ya kurekebisha rangi. Simu nyingi za Android na iPhone zinayo. Na mzazi ukiona mtoto anapaka majani ya mti rangi ya kahawia kila mara, mpeleke apimwe kabla ya kumkemea.

Hata hivyo, mtu mzima ambaye rangi zimeanza kumfifia hivi majuzi si wa kundi hili. Huenda neva ya jicho inadhurika. Hasa anayetumia ethambutol, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, akiona nyekundu na kijani zinaanza kufanana, amwone daktari siku hiyo hiyo hata kama tarehe yake ya kliniki haijafika.